Bwawa la Pili

Kanisius, kabla hujafungua daftari,
weka kalamu chini.
Kuna jambo.

Ulikuja Ndanda na mizani inayopima hata punje,
na ndoo mbili, ya buluu na nyekundu.
Ukaniambia: Mama Somoe,
bwawa la kwanza lile pumba na mchanganyiko,
bwawa la pili lile pumba tu.
Miezi mitatu. Usichanganye.

Nikauliza, huo mchanganyiko ni dawa?
Ukacheka. Si dawa,
wala si chakula cha samaki hasa.
Perege anaumeza, tumbo lake haliuwezi,
unashuka mzima mpaka utumboni
na huko ndiko wanakoungoja wenyewe:
vijidudu wema, wapangaji
wasiolipa kodi ila kwa kulinda mlango.
Wakishiba hao, mgeni mbaya
hapati pa kulaza ubavu.

Nilinyamaza. Nilikuwa namkumbuka yule mgeni.
Masika ya mwaka juzi niliamka
nikakuta matumbo meupe yametanda majini
kama sahani zilizoachwa baada ya arusi.
Nikapasua mmoja kwa wembe.
Utumbo ulikuwa uzi,
uzi na maji ya njano, basi.
Muuza dawa wa Masasi akanipa unga wa kopo;
ukaua wabaya, ukaua na wema,
na wiki ya pili nikazika tena chini ya migomba.
Migomba ikanenepa. Mimi nikakonda.

Kwa hiyo nilikubali.
Mabibo yaliyoponea chupuchupu kuwa uraka
tukayakamua, tukayaanika juu ya bati.
Vitunguu tukavikata mpaka tukalia wote wawili.
Mwani aliuleta wifi yangu Fatu kutoka Msimbati,
bado una mchanga wa kwao.
Ukatwanga mwenyewe. Majirani walisimama njiani
kumtazama msomi na mchi.

Wiki ya sita,
bwawa la kwanza nikigonga ndoo maji yanachemka.
La pili wanakuja, ndiyo,
lakini wanakuja kama watu wa msibani,
wakipishana taratibu.
Mmoja akaelea. Kesho yake wawili.
Ukaandika: wawili. Ukapiga mstari chini yake.
Ukafurahi kidogo. Nilikuona, mwanangu,
si kwa ubaya,
ulifurahi kama mtu ambaye hesabu imemkubali.

Usiku ule sikulala.
Nimezaa sita. Sijapata kupika chungu kimoja
nikawaambia watatu: nyinyi mtatazama.

Nikatoka na tochi ya simu.
Nikachota kwenye ndoo ya buluu
kwa kikombe cha chai, kile kilichovunjika mkono,
nikamwagia bwawa la pili.
Kesho yake tena.
Na kesho yake.
Ndoo nikaijazia pumba
usije ukaona imepungua.

Ndiyo maana leo umepima mara tatu,
ukaikung'uta mizani, ukailaumu betri.
Wa huku gramu mia na themanini,
wa kule mia na sabini na tisa.
Ndiyo maana ulipompasua wa bwawa la pili
ukakuta utumbo umejaa, una mikunjo kama kanga mpya,
ukakaa kimya
unatafuta kosa vitabuni.
Kosa lilikuwa jikoni linakukaangia muhogo.

Najua mwalimu wako atauliza.
Najua pia sasa hakuna wa kulinganishwa na mwenzake,
na miezi yako mitatu nimeitia maji.
Nisamehe kwa hilo.
Kwa kikombe, sijui. Kwa kikombe sijaamua.

Ila usiandike kwamba hakuna tofauti.
Tofauti ilikuwapo, uliiona ikielea.
Andika ilikolala, kwa jina langu lote,
Somoe binti Chitanda,
na idadi ya vikombe: ishirini na tisa.

Mabibo yakianguka tena, ukitaka bwawa la kulinyima,
kamwombe Mchopa wa ng'ambo ya mfereji.
Yule ataweza, hata mbwa wake anajua.
Mimi niletee ndoo za buluu mbili.